Deni la maji linalala kwa nani? Uchambuzi wa kisa cha Tabora

Tabora mjini, ankara za maji zikishatoka, hoja moja haikosi vijiweni. Iwe Ng'ambo, Isevya au Cheyo, utamsikia mtu akisema: mamlaka ya maji ina madeni, serikali haiwezi biashara, kwa nini asipewe mwekezaji? Anayesema hivyo mara nyingi ni mtu aliyechoka, na uchovu wake una sababu. Atajibiwa na mwingine kwamba maji ni uhai, hayauzwi. Mjadala unaishia hapo, kila mmoja amebaki na lake.

Siridhiki na mjadala huo, kwa sababu pande zote mbili zinagombania mwenye mali na hakuna anayemtafuta mwenye deni. Katika huduma ya maji hao wawili si lazima wawe mtu mmoja. Kampuni inaweza kukabidhiwa mabomba, ikakusanya fedha, ikaondoka, na mkopo uliojenga mabomba hayo ukabaki Hazina ukilipwa na watu ambao hawakuwahi hata kuusikia mkataba wake. Kwa hiyo nataka tuichukue Tabora yenyewe na maji yake ya Ziwa Victoria, tufuate fedha kutoka bombani hadi kwa mkopeshaji. Swali la umma au binafsi tutalirudia tukishajua nani anadaiwa nini.

Maji yalivyofika, na yalivyolipiwa

Tabora haina ziwa la karibu wala mto wa kuaminika. Kwa miaka mingi mji uliishi kwa mabwawa, Igombe na Kazima, na mwaka mvua ikipungua Unyanyembe wote ulijua maana yake: madumu yanapangwa usiku, baiskeli za wauza maji zinaongezeka, na bei ya dumu inapangwa na kiu ya mnunuzi.

Wakati huohuo kaskazini kulikuwa na mradi mkubwa. Chanzo chake kiko Ihelele, wilaya ya Misungwi mkoani Mwanza, ambako maji ya Ziwa Victoria yanavutwa, yanasafishwa na kupandishwa mlimani kabla ya kuelekea Shinyanga na Kahama. Rais Jakaya Kikwete aliuzindua mwaka 2009. Mtambo wake ulijengwa uweze kutoa lita milioni 80 kwa siku, na unaendeshwa na KASHWASA, mamlaka ya umma ambayo kazi yake kubwa ni kuuza maji ya jumla kwa mamlaka za miji.

Baadaye bomba likarefushwa kutoka Solwa kuja Nzega, Igunga na Tabora. Fedha ya kazi hiyo ilikuwa mkopo wa dola za Marekani milioni 268.35 kutoka Exim Bank ya India, na makandarasi wakubwa wakatoka India hukohuko. Mwanzoni mwa 2021 Rais John Magufuli aliuzindua mradi huo. Ilikuwa furaha ya kweli. Mtu aliyekulia kwenye foleni ya dumu hahitaji kuambiwa furaha hiyo ilitoka wapi.

Sasa tuangalie madeni yaliyokuja na maji hayo, maana hayafanani na hayadaiwi na mtu mmoja.

Mkopo wa dola milioni 268.35 haumo kwenye vitabu vya mji wa Tabora kama deni la kulipwa na mauzo ya maji ya Tabora. Mkopaji ni Serikali ya Jamhuri ya Muungano, na mlipaji ni mlipakodi wa nchi nzima, pamoja na mvuvi wa Kibirizi na mkulima wa Newala ambao hawatakunywa tone la maji hayo. Silalamiki juu ya hilo. Ndivyo nchi inavyojengwa, na Watabora nao wamelipia barabara na madaraja ya wengine. Lakini ni lazima lisemwe, kwa sababu anayetaka mwekezaji huwa analitaja deni la mamlaka peke yake, na hilo kubwa lililojenga bomba analiacha kana kwamba lilijilipa.

Mkopo huo una tatizo jingine. Umeandikwa kwa dola, na ankara za Tabora zinalipwa kwa shilingi. Mradi ulipozinduliwa dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Kwa bei hiyo, dola milioni 268.35 ni shilingi bilioni 617 hivi. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,600. Kwa bei hiyo dola zilezile ni karibu shilingi bilioni 698. Tukichukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba deni lote bado halijalipwa, tumeongezewa shilingi bilioni 80 bila kuongezewa hata mita moja ya bomba. Hakuna msoma mita aliyekosea, hakuna meneja aliyeiba. Shilingi imeshuka, basi.

Hili si la Tanzania peke yake. Mwaka 1997 jiji la Manila, Ufilipino, liligawa huduma yake ya maji kwa kampuni mbili binafsi. Moja wapo, Maynilad, ilipewa upande wa magharibi wa jiji pamoja na sehemu kubwa kabisa ya madeni ya nje ya mamlaka ya zamani, kama asilimia 90. Mwaka huohuo msukosuko wa fedha ukaikumba Asia, peso ikaanguka, na madeni ya dola yakavimba. Mwaka 2001 kampuni ikaacha kulipa ada ya mkataba, ikaishia kwenye ufilisi, na hisa zake zikarudi kwa serikali kwa muda kabla ya kuuzwa tena. Mwekezaji hakuwa na dawa ya kushuka kwa sarafu kuliko serikali ilivyokuwa nayo.

Deni la pili ni la kila mwezi. TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, haichoti Ziwa Victoria bure. Inanunua kutoka KASHWASA kwa uniti, yaani mita moja ya ujazo, lita elfu moja. Zamani, maji ya bwawa yakivuja chini ya barabara, kilichopotea kilikuwa maji, umeme kidogo na dawa. Leo maji yakivuja, imevuja bidhaa iliyonunuliwa. Chukua uniti mia moja zilizopimwa pale Tabora inapopokea maji. Tuseme thelathini zinapotea njiani kwa mabomba mabovu, mita mbovu na maunganisho ya wizi. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji nchini, inataka upotevu usizidi asilimia 20, lakini miji mingi nchini imeuvuka mpaka huo, kwa hiyo mfano wangu haujatiwa chumvi. Zinabaki sabini zinazoandikiwa ankara. Tuseme katika hizo sabini, kumi ni za wateja wasiolipa kwa wakati. Uniti sitini zinatakiwa zilipe bei ya uniti mia, kabla hujagusa mshahara wa fundi, dizeli ya gari, dawa na viungo vya mabomba. Kila uniti inayolipwa inabeba bei ya jumla ya uniti moja na theluthi mbili.

Hapo ndipo mlolongo unapoanza. Mteja asipolipa, mamlaka ya mji inachelewa kulipa KASHWASA. KASHWASA nayo ina bili kubwa ya umeme, maana maji yanasukumwa kutoka ziwani, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hadi Tabora iliyo kwenye mita 1,200 hivi, kwa kupita milima na mamia ya kilomita. Ikichelewa, inayosubiri ni TANESCO, shirika la umeme, na TANESCO nayo ina madeni yake. Wote hawa ni mali ya umma. Ni mfuko mmoja wenye matundu mengi, na kila tundu lina bodi yake na hesabu zake.

Nyumba moja ya Ng'ambo

Mlolongo huo nimeuona kwa udogo wake katika nyumba moja ya kupanga Ng'ambo, nyumba ya vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati na bomba moja uani chini ya mwembe. Mita ni moja na jina lililoandikwa kwenye ankara ni la mwenye nyumba, mzee ambaye siku hizi anakaa kwa wanawe Dar es Salaam. Kila mwezi mama wa chumba cha kwanza alikuwa anapita na daftari: chumba fulani watu watano, chumba fulani watu wawili, mwenye biashara ya juisi anaongeza. Fedha ilikusanywa, ikatumwa kwa simu kwa mwenye nyumba, naye ndiye alipaswa kulipa kwa namba ya malipo.

Hakulipa. Miezi ikapita, siku moja fundi akaja na spana yake, akafunga, akaondoka. Wapangaji wakatoka na daftari. Kila jina lina alama ya vema pembeni yake, kila mwezi umejazwa, hata kiasi kimeandikwa kwa wino wa bluu na jumla kwa wino mwekundu. Fundi aliwasikiliza kwa adabu. "Mama zangu, mmelipa, nawaamini. Ila hamkutulipa sisi."

Mama wa chumba cha kwanza akampigia simu mwenye nyumba. "Shikamoo mzee, maji yamekatwa." Mzee akasema atashughulikia. Siku ya nne wapangaji wakachanga upya, wakalipa deni lote na gharama ya kurudishiwa maji, kwa sababu mtoto wa chumba cha uani alikuwa anaharisha na kisima cha jirani kilikuwa na chumvi. Wamelipa mara mbili kwa maji yaleyale.

Kijana wa biashara ya juisi alisema jambo siku ile ambalo wataalamu wengi hulipita: hata nyumba hii ikiuzwa leo kwa tajiri mpya, sisi kwenye daftari tutabaki walewale.

Tabora imeshawahi kumwona mwekezaji

Mji huu ni mji wa reli. Hapa ndipo njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma, hapa pana chuo cha reli, na kuna familia ambazo babu, baba na mjukuu wote walikula mshahara wa stesheni. Kwa hiyo nashangaa tunapozungumza kuhusu mwekezaji wa maji kana kwamba hatujaonja.

Mwaka 2007 Shirika la Reli lilikodishwa kwa mkataba wa miaka 25. Ikaundwa kampuni ya reli, TRL; kampuni ya RITES kutoka India ikachukua asilimia 51 ya hisa, serikali ikabaki na 49. Haikumaliza hata miaka mitano. Wafanyakazi waligoma kwa ajili ya mishahara, serikali ikalazimika kutoa fedha ya kuwalipa watu walioajiriwa na kampuni ambayo ilikuwa imekabidhiwa ili serikali ipumzike kutoa fedha, treni zikapungua, na mwishowe hisa zikarudi serikalini. Na kuna jambo ambalo lingepaswa kusemwa kwa sauti wakati ule: RITES ni kampuni inayomilikiwa na serikali ya India. Tuliambiwa serikali haiwezi kuendesha reli, tukaikabidhi kwa serikali nyingine.

Kwenye maji kisa chetu kikubwa ni cha Dar es Salaam, na hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo uhusiano wa deni na ubinafsishaji unapoonekana waziwazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa imezama kwenye madeni ya nje na ilikuwa inaomba msamaha kupitia mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Msamaha ulikuwa na masharti. Moja lilikuwa kuikabidhi huduma ya maji ya Dar es Salaam kwa kampuni binafsi. Yaani deni ndilo lililoleta mwekezaji. Wananchi wa Dar hawakukaa wakapima wakaamua. Baadaye ikaandaliwa programu ya dola milioni 164 hivi ya kukarabati mabomba ya jiji, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya.

Kampuni kubwa za Ufaransa zilizokuwa zimeonyesha nia zilijitoa, na katika hatua ya mwisho akabaki mzabuni mmoja: Biwater ya Uingereza ikishirikiana na Gauff ya Ujerumani, pamoja na mshirika wa Kitanzania. Wakaunda City Water Services. Tarehe 1 Agosti 2003 wakaanza kazi kwa mkataba wa miaka 10.

Mpangilio wake ndio wa kuutazama. Mabomba yalibaki mali ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Mikopo ya mabomba ilibaki kwa serikali. City Water ilipewa kuendesha, kusoma mita, kutoza na kukusanya, halafu ilipe DAWASA ada ya kukodi. Kampuni yenyewe iliahidi kuleta mtaji wa dola milioni 8.5 tu. Linganisha na milioni 164. Aliyepewa ufunguo wa sanduku la makusanyo alikuwa amebeba sehemu ndogo kabisa ya mzigo.

Haikwenda. Makusanyo yalishuka chini ya yale ya DAWASA wa kabla yake. Ada ya kukodi ikaacha kulipwa. Kampuni ikaomba mkataba ufumuliwe na bei ziangaliwe upya. Mei 2005 serikali, kupitia Waziri wa Maji wakati huo Edward Lowassa, ikatangaza kuuvunja mkataba. Tarehe 1 Juni ofisi zikachukuliwa na viongozi wa kampuni wakaondolewa nchini. DAWASCO, kampuni ya umma, ikaingia.

Kampuni ilipeleka madai yake kwenye usuluhishi kwa njia mbili. Kwenye usuluhishi mmoja ilishindwa na kuamriwa kuilipa DAWASA karibu pauni milioni 3. Kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia hukumu ilitoka Julai 2008, na ina funzo kwa kila upande: serikali ilikutwa imekiuka mkataba wa kulinda wawekezaji kwa namna ilivyoitwaa biashara ile, lakini haikuamriwa kulipa hata senti ya fidia, kwa sababu siku ilipotwaliwa biashara ile haikuwa tena na thamani. Asasi za Kitanzania, wakiwemo wanasheria wa mazingira wa LEAT na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ziliruhusiwa kuwasilisha hoja katika kesi hiyo, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa geni katika mabaraza ya namna hii.

Mwekezaji akaondoka. Mikopo ya ukarabati ikabaki. Hilo ndilo ninalomwomba msomaji wa Tabora alishike kabla ya kusema tena "apewe mwekezaji".

Mtu anaweza kusema hayo ni ya nchi maskini. Basi Uingereza. Serikali ya Margaret Thatcher iliuza kampuni za maji za England na Wales mwaka 1989, na kabla ya kuuza ilizifutia madeni ya karibu pauni bilioni 5 ili wanunuzi wapate mali safi. Walianza bila deni. Leo Thames Water, inayohudumia watu milioni 16 wa London na jirani zake, ina madeni yanayozidi pauni bilioni 15. Miaka ya 2006 hadi 2017, chini ya wanahisa walioongozwa na benki ya Macquarie ya Australia, deni lake liliongezeka kama mara tatu huku gawio likiendelea kutoka. Februari 2025 mahakama ililazimika kuidhinisha mkopo wa dharura wa hadi pauni bilioni 3 isije ikaanguka. Kati ya wanahisa wake walikuwemo mifuko ya serikali ya China na ya Abu Dhabi, kama RITES na reli yetu.

Dhambi ya upande wetu

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimemdanganya yule aliyechoka. Umiliki wa umma Tanzania una ugonjwa wake, na ugonjwa huo una jina: serikali haijilipi.

Tabora ni mji wa shule za bweni, hospitali, vyuo, magereza na makambi. Taasisi ya namna hiyo inatumia maji ya mtaa mzima. Ankara inafika, mhasibu anaiweka kwenye faili, anasubiri fedha ya matumizi mengineyo kutoka Hazina. Fedha ikija imepungua, na mkuu wa taasisi anachagua: chakula, mafuta, posho ya safari, halafu maji. Maji yanakuwa ya mwisho kwa sababu anajua hayatakatwa. Nani atafunga bomba la wodi ya wazazi? Nani atafunga la gereza lenye mamia ya watu wasioweza kutoka kwenda kuchota? Kwa hiyo spana ya fundi inakwenda Ng'ambo kwa mama mwenye daftari, na ya taasisi inabaki kwenye begi.

Hili si siri. Machi 2017, akiwa Mtwara, Rais Magufuli aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa sugu wote bila kujali ni nani, hata kama ni Ikulu. Alilazimika kulisema Rais, kwa sababu meneja wa mkoa hawezi kulisema akabaki na kazi yake. Agizo la mdomo lina nguvu siku anayelitoa yuko madarakani. Baada ya hapo linategemea tabia.

Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, walilitatua bila kuuza. Mwaka 1993, baada ya vita, mamlaka yao ya maji ilikuwa inapoteza asilimia 72 ya maji yake. Mkurugenzi mpya, mhandisi Ek Sonn Chan, alianza kwa wakubwa. Alikwenda mwenyewe kufunga mita kwa jenerali, akaelekezewa bastola, akarudi na askari na waandishi wa habari, mita ikafungwa. Upotevu ulishuka miaka iliyofuata hadi kufikia asilimia 6 hivi, na mamlaka ile ilibaki chini ya umma. Uganda nayo ilijenga upya shirika lake la maji kuanzia 1998 chini ya William Muhairwe. Kampala ilijaribu wakandarasi wa nje wa kuendesha huduma, Gauff mwaka 1998 na kisha kampuni ya Kifaransa, lakini kilichodumu ni mikataba ya utendaji kati ya makao makuu ya shirika na mameneja wake wa miji, yenye malengo yanayopimika na zawadi kwa anayefikia.

Kwa hiyo anayesema umma hauwezi anakosea. Ila anayesema umma unatosha kwa kuwa ni umma anakosea vilevile, na kosa lake linalipwa na mama wa chumba cha kwanza.

Kinachowezekana Tabora

Msimamo wangu ni kwamba TUWASA na KASHWASA zibaki mali ya umma. Mwekezaji anayefaa mjini hapa ni yule wa kazi ndogo zenye mwisho: kampuni ya kutafuta mivujo inayolipwa kwa uniti ilizookoa, kundi la vijana wanaoendesha vioski kwa mkataba, karakana ya kupima mita. Akishindwa, mkataba unavunjwa na mji hautikisiki.

La haraka zaidi ni mita za malipo ya kabla kwenye taasisi za umma, kama LUKU. Tumezizoea kwenye umeme. Hakuna shule inayoshangaa kununua uniti za umeme. Hospitali na magereza yawekewe akiba isiyokatika, na fedha ya maji yao ikatwe Hazina moja kwa moja kwenda mamlaka ya maji bila kupita mezani kwa mtu wa kuchagua kati ya maji na posho. Hilo linahitaji Wizara ya Fedha, si meneja wa Tabora, na wabunge wa mkoa huu ndio wa kulidai wakati wa bajeti.

Kwenye nyumba za kupanga, mita moja moja kwa kila chumba ni ghali, lakini kumwandikisha mpangaji mmoja kuwa mlipaji pamoja na mwenye nyumba, akapata ujumbe wa ankara kwenye simu yake, hakugharimu kitu. Wapangaji wa Ng'ambo wangejua mwezi wa kwanza kwamba fedha yao haikufika.

Kuhusu mikopo mipya, Tanga imefungua mlango. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani (hati ya mkopo wa miradi ya mazingira inayouzwa kwa umma) ya miaka 10, ikitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na wanunuzi wakaleta zaidi ya kiasi kilichotafutwa. Riba hiyo ni kubwa, nakubali. Mikopo ya serikali kwa serikali huwa na riba nafuu zaidi. Lakini deni la Tanga liko kwa shilingi, sarafu ileile ambayo wateja wake wanalipia. Shilingi ikishuka, deni halipandi. Na mwenye kudai ni mfuko wa pensheni, benki au Mtanzania aliyenunua vipande vyake, ambaye anaweza kuja kuuliza hesabu kwa Kiswahili. Sidhani Tabora iko tayari kwa hatifungani leo, maana mnunuzi ataangalia kwanza upotevu wa maji na wadaiwa sugu, na ndiyo sababu hayo mawili yanatangulia.

Suala lenyewe halijaisha, linakua. Sikonge, Urambo na Kaliua zimo kwenye mpango wa miji 28 uliosainiwa Juni 2022, kwa mkopo mwingine wa dola milioni 500 kutoka Exim Bank ileile, na maji yao yatatoka Ziwa Victoria kwa kupitia hukuhuku kwetu. Miji hiyo ni midogo, wateja wake ni wachache, na mwisho wa bomba ni mbali zaidi. Kabla bomba halijafunguliwa, halmashauri za miji hiyo zinapaswa kubandika kwenye ubao wa matangazo bei ya uniti moja ya jumla, bei atakayotozwa mwananchi, na jina la ofisi itakayolipa tofauti kati ya bei hizo mbili.